Gurudumu la Nyuma Linamsubiri Mgeni Rasmi

(Hotuba ya Dokta wa Heshima Burito Masatu Kwangu, Mratibu Mkuu wa Mpango Mkakati wa Uwezeshaji wa Gurudumu la Nyuma, aliyoitoa uwanjani Kabasa, mjini Bunda, siku ya sherehe ya kulirudisha gurudumu la nyuma la skuta ya Nesi Hafidha mahali pake. Imenukuliwa kama ilivyotoka kwenye spika, pamoja na yaliyosikika kutoka kwa wananchi.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu wake, ambaye ndiye aliyeandaa kamati ya kuandaa kamati hiyo. Ndugu Katibu wa Kamati Ndogo ya Turubai na Viti, ambaye viti vyake naviona vimejaa upande wa wageni na vimekwisha upande wa wananchi, kama ilivyopangwa. Wawakilishi wa wadau wa gurudumu la mbele, tuliowaalika kwa moyo wa umoja ingawa sherehe siyo yao. Waheshimiwa waliotuma wawakilishi, wawakilishi waliotuma udhuru, na udhuru wenyewe, ambao umefika kwa wakati. Viongozi wetu wa dini, mashehe na wachungaji. Wazee wetu mlioletwa mapema mkakaa juani ili picha zitoke vizuri. Akina mama wa vikundi. Vijana wa bodaboda. Mabibi na mabwana. Wapo wenzangu wavivu wanaosema tu kwamba itifaki imezingatiwa, wakaendelea. Mimi itifaki naizingatia kwa mdomo wangu mwenyewe, na kama kuna mtu sijamtaja anyooshe mkono nimtaje. (Mikono mingi inanyooshwa. Wote wanatajwa.)

Niseme pia kwamba mgeni rasmi wa leo hakuweza kufika, akamtuma mtu, na mtu huyo akapata dharura, akanituma mimi. Kwa hiyo mimi hapa ni mratibu, ni mwenyeji, na ni mgeni rasmi kwa niaba ya mwakilishi wa mgeni rasmi, na nitajikaribisha mwenyewe muda ukifika. (Makofi kutoka upande wa viti.)

Ndugu wananchi, mbele yenu, juu ya meza yenye kitambaa cha satini, limelala gurudumu. Nyuma ya meza, juu ya matofali, imesimama skuta isiyokuwa na gurudumu hilo. Kutoka mezani hadi kwenye skuta ni hatua chache tu za miguu, lakini kisera hiyo ni safari ndefu, yenye mchakato, yenye fremuweki, yenye rodimapu, na ni mimi niliyepewa dhamana ya kuisimamia.

Naomba nitoe historia, maana wapotoshaji wapo na wengine nawaona wamekaa kwenye ule ukuta. Skuta hii ni ya dada yetu Hafidha Said, mkunga wa zahanati ya kule Mugeta, anayekaa hapa hapa Kabasa. Ndiyo inayompeleka kuzalisha wake zenu na kumrudisha. Basi skuta ikapata pancha nyuma. Nesi akaisukuma hadi kwa fundi Twalha, fundi akalifungua gurudumu, akaiziba pancha, akajaza upepo, na akawa tayari ameshika spana alirudishe. Bahati nzuri, tena narudia, bahati nzuri, gari la Mpango lilikuwa linapita. Nikateremka. Nikamuuliza, kijana, unataka kufanya nini. Akanijibu, narudisha gurudumu. Nikamuuliza, limezinduliwa? (Kicheko.)

Ninyi mnacheka, ila Twalha hakucheka. Alibaki na spana hewani, kwa sababu alielewa ukubwa wa kosa alilokuwa karibu kulitenda. Ndugu zangu, sisi tuna utaratibu wetu. Kisima hakichotwi maji mpaka kizinduliwe. Darasa halikaliwi mpaka utepe ukatwe. Choo cha mnadani hakiingiwi mpaka mgeni rasmi awe wa kwanza kuingia, hata kama mtu amebanwa namna gani. Leo gurudumu la nyuma, linalobeba uzito wote wa mkunga, lirudishwe kibandani, kati ya muuza miwa na muuza vocha, bila hata kikundi cha ngoma? Watoto wetu watatuelewaje?

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, samahani. Mimi ndo Hafidha. Naomba tu gurudumu langu.")

Asante sana, nesi, kwa kunipongeza. Mchango wako umepokelewa na utaingia kwenye eneo la mengineyo.

Tangu siku ile Mpango ukalichukua gurudumu chini ya uangalizi wake. Tulilipeleka kwanza Musoma, pale Kigera, tukalifanyia uzinduzi wa kufunguliwa, maana lilikuwa limefunguliwa kiholela. Tukalipeleka Butiama kwa semina elekezi, wadau wakakaa nalo meza moja, wakala nalo, wakapiga nalo picha, na mdau mmoja akalia kwa uchungu wa maendeleo. Nathubutu kusema gurudumu hili limetembea zaidi likiwa ndani ya gari la Mpango kuliko lilivyowahi kutembea likiwa kwenye skuta, na bado wapo wanaouliza tumefanya nini. (Mzee mmoja kwa sauti: "Na nesi alikuwaga anatembea na nini?") Alikuwa anapanda bodaboda, mzee wangu, na huo ni ushahidi kwamba Mpango umekuza sekta binafsi.

Sasa nije kwenye utaalamu. Watu wengi hudhani kufungua gurudumu la nyuma la skuta ni kazi ya spana. Hiyo ni fikra ya zamani. Sisi tumefanya upembuzi yakinifu, tumechukua beselaini, tukabaini awamu.

Awamu ya kwanza ni kuisimamisha skuta kwenye stendi ya katikati ili nyuma kuning'inie. Hapa inahitajika kamati ya kusimamisha, kwa sababu skuta ikisimamishwa na mtu mmoja inaleta picha ya ubinafsi. Awamu ya pili ni kuliondoa bomba la moshi, yaani ekzosi, ambalo katika skuta limekaa mbele ya gurudumu kama mtu aliyekaa mlangoni. Ekzosi haiondolewi kwa nguvu, inaondolewa kwa ushirikishwaji. Awamu ya tatu ni nati kubwa ya katikati. Unabana breki ili gurudumu lisizunguke, kisha unaikaza nati, samahani, unailegeza. Hapa kwenye karatasi wameandika kukaza. Nadhani ni kukaza ulegevu. (Kicheko kirefu. Kikundi cha ngoma kinadhani kimeitwa, kinaanza kupiga, kinazuiwa.)

Awamu ya nne ni kulivuta gurudumu litoke kwenye ekseli yenye meno. Na kulirudisha ni hayo hayo kwa kwenda nyuma: meno yaingie kwenye meno, nati ikazwe, pini ipite, ekzosi irudi, breki ijaribiwe. Mimi mwenyewe sijawahi kuzishika nati hizi, lakini nimezisimamia kwa karibu sana.

(Nesi Hafidha anasogea hadi mbele ya jukwaa, simu mkononi. "Mheshimiwa, nimepigiwa simu na Mama Mhoja wa Mugeta. Mkwe wake Marcelina ameanza uchungu, na uzazi wa kwanza ulimtesa sana, alitoka damu nyingi. Pale zahanati leo yupo mlinzi tu. Naomba gurudumu, Twalha anifungie niende.")

Nesi, nesi, hongera sana. Ndugu wananchi, mnaona impakti? Mpango haujamaliza hata kuzinduliwa na tayari watu wanazaa. Ila dada yangu, nikikupa gurudumu sasa hivi, leo tumekusanyika kwa ajili gani? Nitakata utepe wa nini? Huyo Marcelina mwambie avute subira kidogo, nimebakiza kurasa chache.

(Hafidha: "Mheshimiwa, uchungu hauvutiwi subira. Basi niachie nipande bodaboda, hawa vijana si wapo hapa.")

Hapo ndipo penye mafanikio ninayoyaonea fahari kuliko yote, na nashukuru umenikumbusha. Ndugu wananchi, kwenye sherehe zilizopita tulikuwa na changamoto ya msafara kuvunjika. Unaita bodaboda zote za mji zisindikize gurudumu, hotuba ikianza kunoga mmoja anapata abiria, anaondoka, na mwingine anamfuata. Leo tumekuja na suluhisho. Funguo zote za pikipiki zilizopo Kabasa ziko hapa mbele yangu, kwenye beseni hili la bluu, na afisa itifaki wetu amelikalia. Hatoki mtu. Hii ndiyo tunaita sastenabiliti. (Makofi machache upande wa viti. Miguno upande wa jua.)

(Kijana mmoja wa bodaboda: "Mheshimiwa, nipe hata ufunguo wangu tu nimpeleke, narudi hapahapa." Mzee: "Mura, kijana wangu, mwachieni huyu binti. Mtu anafia huko.")

Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini nikitoa ufunguo mmoja kwa ajili ya uzazi, kesho atakuja mwingine na msiba, na mwingine na mgonjwa wa meno, na msafara utakuwa wa nani? Utaratibu hauna huruma, ndiyo maana unaitwa utaratibu. Nesi, rudi ukae, na kama kiti kimechukuliwa, simama karibu na kiti.

(Nesi Hafidha hakai. Anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anachukua begi lake la kazi, anaonekana akizunguka nyuma ya turubai, mahali lilipoegeshwa gari la Mpango, akizungumza na dereva anayeitwa Gody.)

Twende kwenye takwimu. Kabla ya Mpango, asilimia tisini ya magurudumu ya nyuma katika eneo letu yalikuwa yanarudishwa bila uratibu wowote. Leo, asilimia mia moja na nne ya magurudumu tuliyoyafikia bado hayajarudishwa, na hivyo uratibu umebaki kamili. Katika eneo la uelewa, tulipouliza wananchi kama wanaufahamu Mpango, walioshangaa ni wengi mno, na mshangao, kwa mujibu wa wataalamu wetu, ni hatua ya kwanza ya ufahamu.

(Linasikika gari likiwashwa nyuma ya turubai.)

Msigeuke, msigeuke. Hilo ni gari langu, linageuzwa lielekee Musoma ili nikimaliza nisiwapotezee muda. Dereva wangu Gody ni mtu makini sana. (Gari linaondoka kwa kasi, likielekea njia ya Mugeta. Vigelegele vinapigwa na akina mama wote, hadi wale wa jikoni.) Asanteni sana, akina mama. Vigelegele vya namna hii sikuvipata hata Butiama. Kumbe takwimu mkizielewa zinawagusa.

Basi kwa kuwa mmezipenda, ngoja niwasomee jedwali lote.

(Hapa Mheshimiwa alisoma majedwali. Walioyasikiliza hawakukubaliana yalihusu nini. Watu walikwenda kula, wakarudi, jua likahamia upande wa wageni, nao wageni wakahamisha viti.)

Na sasa nihitimishe kwa maono. Tusiishie kwenye gurudumu hili moja. Mpango utaleta skuta mpya kwa kila mkunga, kuanzia vijiji vya ziwani mpaka kwa wafugaji wa Mugeta, kila skuta na gurudumu lake la nyuma, na kila gurudumu na mgeni rasmi wake. Tutajenga hapa Kabasa Kituo cha Umahiri cha Gurudumu la Nyuma, chenye ukumbi wa kufungulia, ukumbi wa kufungia, na baina ya kumbi hizo chumba cha wageni mashuhuri cha kusubiria. Mkunga yeyote atakayepata pancha, awe wapi, atakuja hapa. (Mama mmoja: "Atakujaje, na ana pancha?") Swali zuri sana. Ndiyo maana tuna kamati.

Kauli mbiu yetu naomba tuitamke wote kwa nguvu. Nikisema gurudumu, ninyi semeni, mbele. Gurudumu. (Wachache: "Nyuma.") Mbele, nimesema mbele. Gurudumu la nyuma. (Wengi: "Tupe.") Haya, tutaifanyia mapitio. Mpango oyee. (Mtu mmoja: "Oyee." Ni afisa itifaki, kutoka juu ya beseni.)

Mwisho, shukrani. Wanaonifahamu wanajua mimi siyo mtu wa kunyakua sifa za watu, kwa hiyo nitashukuru mmoja mmoja. Nawashukuru ndugu wa bwana harusi wa kesho kwa turubai hili na kitambaa cha satini, na ninawaona wamesimama pale wanavisubiri, nawaomba wavumilie. Namshukuru mwenye spika, ambaye ameniomba nisizipigie kelele. Nawashukuru wenye mbuzi kwa uwanja, na wale mbuzi waliolala pale ndipo Kituo cha Umahiri kilipo, watahama jengo likishafika. Namshukuru fundi Twalha kwa spana ya kukatia utepe, maana mkasi hatukuwa nao. Na kwa namna ya pekee namshukuru Nesi Hafidha kwa kutuazima skuta yake bila sisi kumuomba, kwa sababu bila pancha yake, ndugu zangu, Mpango usingekuwa na mahali pa kuanzia, na mimi binafsi ningekuwa nimepita tu njiani siku ile kwenda kwa shemeji yangu. Zile skuta mpya nilizozitaja zinaendelea vizuri sana kwenye andiko. Andiko lenyewe linaendelea vizuri sana kichwani.

Sasa najikaribisha rasmi, kwa niaba ya wote, nilirudishe gurudumu. (Anageukia meza.) Gurudumu. Afisa itifaki, mezani kuna kitambaa, gurudumu liko wapi?

(Sauti: "Liko kwenye skuta.")

Kwenye skuta kivipi? Nani amelifunga?

(Skuta imeshuka kwenye matofali, imesimama kwa miguu yake. Ekzosi ipo mahali pake. Vijana kadhaa wanafuta mikono kwenye suruali. Mzee: "Ulipokuwa unashukuru wa spika, mura. Mnashukuruga pole pole.")

Ndugu zangu, hilo gurudumu limefungwa kinyume cha utaratibu na ninaagiza lifunguliwe mara moja, kabla sijaondoka. Haya, kama hamtaki, naondoka hivyo hivyo na taarifa nitaiandika. Gody. Mwiteni Gody alete gari. Subirini, simu yangu hii inaita, ni Gody mwenyewe. Haloo, uko upande gani wa uwanja?

(Simu iko karibu na kipaza sauti, uwanja wote unasikia: "Mkuu, niko Mugeta. Nisamehe, nilishindwa kukaa. Nesi amemuwahi Marcelina, alikuta mtoto ametanguliza miguu. Amezaliwa salama, wa kike, na mama yake anakunywa uji. Nesi ameniomba nikae mpaka aone damu imekata, kwa hiyo leo sirudi." Vigelegele. Mwenye spika naye anapiga.)

Tulieni. Tulieni, ndugu wananchi, naongea kama mtu mzima. Nimefurahi. Nina mabinti, sitasema sijafurahi. Ila mfahamu mmefanya nini. Mnaouliza kila siku Mpango uko wapi, ofisi yake iko wapi, leo niwaambie: Mpango ulikuwa ni mimi, Gody na lile gari. Basi. Gody na gari wako Mugeta kwa Marcelina, nimebaki mimi. Hata ule udokta nilipewa kwenye semina. (Anakunja karatasi zake.) Afisa itifaki, futa hayo, kisha uandike: Mpango Mkakati wa Uwezeshaji wa Gurudumu la Nyuma umemfikisha mkunga Mugeta kwa wakati, na mtoto amezaliwa chini ya usimamizi wa Mratibu Mkuu.

(Afisa itifaki haandiki. Ameinuka juu ya beseni, vijana wanachagua funguo zao. Pikipiki zinawaka moja baada ya nyingine. Ndugu wa bwana harusi wanakunja kitambaa cha meza na kuanza kulegeza kamba za turubai.)

Vijana, vijana, msafara usivunjike. Wewe mwenye koti jekundu, mwanangu, ngoja. Nipeleke hata stendi nikapate usafiri wa Musoma.

(Kijana wa koti jekundu anaiangalia pikipiki yake, anamwangalia Mheshimiwa. "Ningekupeleka, mheshimiwa. Ila hii bado haijazinduliwa.")

Asanteni kwa kunisikiliza.

(Spika inazimwa.)